Amplifaya ya maana ya nyumbani: namna ya kuichagua sie wa Unguja na Pemba

Assalaam aleykum jamaa. Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu, kaka nimejaaliwa pesa kidogo nataka amplifaya ya maana, nichukue ipi, na mie kila mara namrudishia maswali matatu kwanza: spika zako zipi, ukumbi wako ukoje, na umeme wako baada ya Magharibi unasoma ngapi. Wengi wanaona nawazungusha. Siwazungushi wallahi. Amplifaya ile ile niliyoisikia kwa jamaa yangu Mbweni mpaka mwili ukanisisimka, nimekuja kuisikia kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe besi inavuma tu kama mtu anapiga pipa, sasa utasema amplifaya mbaya? Ndo maana tunaanzia nyumbani kwako, dukani tutafika mwisho.

Ninayoisemea hapa ni ya boksi moja, wenyewe wanaiita intigreti, yaani sehemu ya kuchagua chombo na kupandisha sauti na sehemu ya nguvu inayosukuma spika zote zimo ndani ya kasha moja. Watu wa kushindana kwa vyombo watakwambia vitu vitenganishwe kila kimoja boksi lake. Kwetu hapa mie nasimama na boksi moja. Plagi moja, waya chache, na kila plagi unayoiongeza ni chuma kingine cha kuliwa na hewa ya chumvi.

HATUA YA 1: PIMA UMEME KABLA YA KUPIMA MFUKO

Azima mita kwa fundi au nunua, bei yake si kitu mbele ya pesa unayotaka kutoa. Pima kwenye soketi ile ile utakayotumia, asubuhi, halafu saa 1 usiku, halafu saa 3 usiku watu wamewasha viyoyozi na mafriji na pasi, fanya hivyo wiki nzima na uandike. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230, sasa ukicheza kati ya 207 na 253 amplifaya nyingi nzuri hazina shida, lakini ukiona jioni inashuka chini ya 200 basi stabilaiza, yaani kidude cha kusawazisha volti, ni lazima na iingie kwenye bajeti leo leo, isiwe kitu cha kusema nitanunua baadae.

Sie umeme wetu unapita chini ya bahari, Unguja tangu 1980 na waya wa pili ukaja 2013, Pemba waliunganishwa na Tanga 2010. Wa umri wetu tunakumbuka 2008 tulikaa gizani kama mwezi, halafu ikaja ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu nyumba zote zinanguruma majenereta. Siku hizi kukatika kwa muda mrefu namna ile hakupo lakini kule kukatika na kurudi kwa ghafla kupo, na kinachoua amplifaya khasa ni kile kishindo cha kurudi. Kile kidude cha kulindia friji ambacho kinasubiri kwanza umeme utulie ndo kinawasha, kiweke na kwenye amplifaya.

Stabilaiza chukua ya mota, inapanda na kushuka taratibu, kuliko zile za rilei zinazogonga ta ta ta na volti inaruka. Ukubwa wake uwe mara 2 au 3 ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya kuwa inakula, kwa sababu transfoma kubwa ikiwashwa inavuta umeme mwingi sana kwa sekunde ile ya mwanzo. Zile UPS rahisi za kompyuta usifungie amplifaya, nyingi wimbi lake si lile la duara la umeme wa ukutani na utasikia transfoma inalalamika.

Na athi, ule waya wa kijani na manjano. Nyumba nyingi za zamani haupo kabisa, au upo kwenye soketi lakini haufiki popote, na sehemu za maweni fito la athi kulishindilia kwenye mwamba ni kazi ya kutoka jasho kwa hivo mafundi wengine wanalikata fupi. Bila athi ya kweli utapata mngurumo kwenye spika na ukigusa kasha unahisi linakuwasha. Lipa fundi alishushe vizuri. Na mtu asikwambie ukate pini ya athi kwenye plagi ili mngurumo uondoke, hiyo ni roho ya mtu.

Sasa volti za nje, hapa nina kidonda changu. Niliwahi kununua amplifaya ya Kijapani iliyotumika, nzuri, nzito, kioo cha mbele kina zile mita mbili za sindano zinazocheza. Aliyeniuzia alinambia hii haina neno chomeka tu. Nyuma imeandikwa AC 100V. Nikatafuta transfoma ya kushusha umeme, nikaitumia miezi minne kwa raha, mpaka siku mtu nyumbani akafagia, akachomoa, akarudisha plagi moja kwa moja ukutani. Moshi, harufu, na transfoma ile haipatikani tena. Niliumia sana na mpaka leo nikiliona lile kasha naumia. Kwa hiyo kabla ya kutoa senti tano omba picha ya nyuma ya chombo, ile sehemu ya maandishi. Vyombo vya soko la Japani ni volti 100, vya Marekani ni 120, na kampuni kama Luxman na Accuphase hutoa toleo mbali mbali kwa nchi mbali mbali, jina moja volti tofauti. Ikiandikwa 60Hz peke yake (hezi, yaani mawimbi kwa sekunde) pia iache, transfoma ya 60 ikipewa 50 yetu inapata joto na kunguruma. Mwenye ndugu Dubai, Maskati au Uingereza ana bahati, umeme wao unaingia kwetu na hata plagi ni hii hii yetu ya pini tatu za mraba.

HATUA YA 2: UTAZAME UKUMBI

Nyumba za Mji Mkongwe wengi hawajui kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba. Ni kwa sababu ya boriti. Dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti hazina urefu wa kutosha, kwa hivo upana wa chumba unaishia mita 2.5 mpaka 3 hivi, na urefu mjenzi anakwenda anavyotaka. Sasa chukua chumba chenye upana wa mita 2.8, mawimbi ya besi yanagonga ukuta na kurudi na yanajikusanya kwenye karibu hezi 62, na hapo ndo pahala pa besi ile kubwa ya taarab. Ikipigwa noti moja chumba kizima kinavuma, ikipigwa inayofuata huisikii. Ukuta wa mawe na chokaa nao ni mnene hauachii besi ipite nje, inabaki ndani inazunguka. Hakuna amplifaya ya duniani inayoondosha hilo kwa nguvu, ukiongeza nguvu ndo unaongeza mvumo.

Dawa: panga spika kwenye ukuta mfupi zipige kwa urefu wa chumba, zivute mbele angalau nusu mita kutoka ukuta wa nyuma, wewe usikae umebana ukuta. Zulia zito, makochi ya kitambaa, pazia nzito, kabati la vitabu. Mkeka wa ukili ni mwembamba, unapunguza ukali wa juu kidogo sana, kwenye besi haufanyi kitu. Kama umeshajaribu yote na mvumo upo, hapo tafuta amplifaya yenye programu ya kupima chumba kwa maikrofoni na kurekebisha yenyewe, NAD M33 kwa mfano ina Dirac Live ndani, na nimeshuhudia kitu kama hicho kikiokoa ukumbi ambao mwenyewe alishakata tamaa.

Wa majumba ya Michenzani na fleti nyengine mambo yenu mepesi kidogo kwa umbo la chumba lakini jirani yupo juu, chini na ubavuni. Nyinyi tafuteni amplifaya inayolia vizuri ikiwa chini, hilo nitalirudia.

HATUA YA 3: SPIKA NDO ZINAOLEWA, AMPLIFAYA NDO BWANA HARUSI

Usimtafute bwana harusi hujamjua bibi harusi. Tafuta kwenye karatasi ya spika namba mbili tu.

Ya kwanza ni desibeli, yaani kwa wati 1 ukikaa mita 1 inatoa sauti kiasi gani. Spika nyingi za nyumbani ni 84 mpaka 90. KEF LS50 Meta ni 85, Klipsch Heresy IV ni 99. Ukiona tofauti ya 14 unaweza kudhani ndogo lakini desibeli zinakwenda kwa kuzidisha, kila ukiongeza 3 nguvu inayotakiwa inakatika nusu, kila ukiongeza 10 inakuwa sehemu moja ya kumi. Kwa hivo Heresy kwa wati 4 tu inakupa sauti ambayo LS50 inataka wati 100. Na ndo pale pale utaona kwa nini mtu akibadilisha amplifaya ya wati 100 kwa ya 200 anapata desibeli 3 tu, sikio linaona imepanda kidogo basi. Ili sikio lako liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati 1,000. Watu wanatoa mamilioni kufukuza wati ambazo hawatazisikia maisha.

Ukumbi wa kawaida, spika za 86, umekaa mita 3, sauti ya kawaida ya kusikiliza unatumia chini ya wati 1. Nyengine zote zinasubiri kile kishindo cha ghafla, ngoma ikigongwa, bendi nzima ikiingia. Kwa hesabu yangu wati 60 mpaka 100 za kweli zinatosha nyumba nyingi sana za Unguja na Pemba.

Namba ya pili ni omu, yaani spika inavyouzuia umeme usipite, na hapa ndo pesa yako inapofanya kazi. Spika ikiandikwa omu 8 usiamini moja kwa moja, angalia imeandikwa inashuka mpaka ngapi. Hiyo LS50 Meta imeandikwa 8 lakini inashuka 3.5. Omu zikishuka spika inavuta mkondo mwingi zaidi, na amplifaya dhaifu hapo inachoka, besi inakuwa kama uji. Kwa hivo linganisha wati za omu 8 na za omu 4 kwenye karatasi ya amplifaya. Marantz Model 30 ni 100 kwa 8 na 200 kwa 4, inaongezeka maradufu safi. Luxman L-505Z ni 100 na 150, nzuri pia. Ukiona amplifaya inajisifu wati nyingi kwa 8 halafu kwa 4 haisemi kitu au inakwambia usifunge, iache. McIntosh wao wana njia yao, kwenye mashine kama MA9000 wanaweka transfoma za kutolea sauti na unachagua mwenyewe tundu la omu 2, 4 au 8.

Uzito pia unasema. Yamaha A-S3200 ina kilo 24.7 na sehemu kubwa ya uzito huo ni transfoma na makapasita, yale yanayoweka akiba ya umeme ndani. Ila usihukumu kwa uzito zile za klasi D (klasi nitazieleza hatua inayofuata), zenyewe kwa umbile ni nyepesi.

HATUA YA 4: KLASI NA JOTO LETU

Klasi ni namna amplifaya inavyoutumia umeme kukuza sauti. Klasi A umeme unapita muda wote, muziki upo haupo, ndo maana sauti yake laini na ndo maana inachemka. Hata kwa nadharia haizidi asilimia 50 ya umeme kugeuka sauti na kwa kweli iko chini zaidi, mengine yote joto. Luxman L-550AXII ni wati 20 tu za klasi A na sauti yake naipenda mno, lakini mwezi wa Februari kwenye chumba cha digrii 32 bila feni sikushauri. Kapasita za ndani umri wake unakatika karibu nusu kila joto likipanda digrii 10, na kapasita hajui kama wewe umezoea kaskazi.

Klasi AB, iliyo katikati na haichemki kama A, ndo nyingi, na kwa mtu anayenunua mara moja maishani ndo ninayomuelekeza. Klasi D, inayowasha na kuzima umeme haraka haraka, inatumia zaidi ya asilimia 90 vizuri, haichemki, haili umeme, na zile zilizojengwa juu ya sakiti za kampuni za Hypex au Purifi si zile D za zamani za sauti kavu, wenye solar na betri nyumbani nawaambia moja kwa moja chukueni hii. Za taa, yaani valvu, tamu kweli, lakini taa za kutolea sauti zinaisha baada ya saa elfu kadhaa, na utaagizia wapi? Kama huna fundi wa kuaminika na njia ya kuagiza achana nazo.

Na mjusi. Msione jambo dogo. Mjusi kafiri anapenda joto la amplifaya, anaingia kwenye matundu ya juu, anagusa pahala pawili pa umeme na ndo mwisho wake na mwisho wa sakiti yako. Sisimizi pia. Usizibe matundu kwa kitambaa maana utaipika, inyanyue kwenye meza yenye miguu mirefu, usiiweke chini ya taa inayoita wadudu usiku, na uache nafasi ya shibri moja juu na pembeni.

HATUA YA 5: MATUNDU YA NYUMA

Hapa haraka. Mwenye santuri aangalie kama ina fono, yaani tundu la kuchomekea santuri, na fono ya aina gani, sindano za MM (sumaku ndo inacheza) zinatoa kama milivolti 5, za MC (koili ndo inacheza) nusu milivolti na chini ya hapo, amplifaya nyengine zina ya MM peke yake. Hegel H390 kwa mfano ina nguvu wati 250 na DAC nzuri, yaani kigeuzi cha sauti ya kidijitali, lakini fono haina kabisa. Yamaha A-S3200 kinyume chake, fono ya MM na MC ipo, DAC hamna. Kwa maoni yangu DAC na mambo ya mtandao yanazeeka baada ya miaka mitano na amplifaya nzuri inakaa ishirini, bora vitu hivyo viwe nje uvibadilishe peke yake.

Vitufe vya besi na trebo msivikimbie. Wapo watu wanaosema amplifaya ya hali ya juu haitakiwi kuwa navyo. Sie tunasikiliza vitu vya zamani, Siti binti Saad alirekodiwa Bombay 1928, rikodi kama zile ukali wake wa juu unataka kupunguzwa kidogo ili sauti ya binadamu itoke, na kitufe cha trebo kilichotengenezwa vizuri kinafanya kazi hiyo kwa adabu.

HATUA YA 6: KUSIKILIZA

Nenda na nyimbo zako. Ukiachia muuzaji aweke zake ataweka kile kinachoifanya amplifaya yake ing'are. Mie nabeba taarab, Ikhwani Safaa ambao wapo tangu 1905 na Culture Musical Club wa 1958, na sababu si mapenzi tu, taarab ni mtihani mgumu kuliko watu wanavyofikiri. Fidla sita au nane zinapiga noti moja pamoja, amplifaya mbaya inazigeuza kuwa bati linalokwaruzwa, nzuri unasikia ni watu kadhaa kila mmoja na upinde wake. Ganuni ikidonolewa sikiliza mkia wa noti, inavyofifia mpaka kimya, usisikilize ile donoo yenyewe. Udi uwe na mti ndani yake, usiwe waya tu. Besi kubwa kila noti iwe na jina lake. Halafu weka Bi Kidude, ile sauti yake yenye mikwaruzo, kama amplifaya imemsafisha akawa laini basi imekudanganya.

Muhimu kuliko yote hapa: ukilinganisha mbili sauti ziwe sawa kabisa. Tofauti ya desibeli 1 tu inatosha kukufanya uone ile ya juu ndo nzuri, na hujui kwa nini. Tumia programu ya kupima sauti kwenye simu, simu usiitikise pahala pake. Kisha ishushe mpaka watu wanaweza kuzungumza bila kunyanyua sauti, kama saa 4 usiku watoto wamelala. Je besi bado ipo? Maneno bado unayasikia? Sauti haikuegemea upande mmoja? Huko chini ndo utakapoishi nayo siku nyingi kuliko juu.

HATUA YA 7: KUKAGUA NA KULETA

Iliyotumika iache iwake saa nzima kwanza. Zungusha kitufe cha sauti taratibu, ikichakarisha kuna uchafu au kutu, si ugonjwa wa kufa ila punguza bei. Tia sikio karibu na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, hamna muziki, mchirizo mdogo sawa, mngurumo hapana. Kisha waya za spika zikiwa zimetolewa, weka mita kwenye matundu ya spika kwa volti za DC sauti iko sifuri, chini ya milivolti 50 salama, ikizidi sana inaweza kula spika zako. Angalia skrubu za kasha kama zimekwaruzwa, maana yake ilishafunguliwa, uliza kwa nini. Na uliza mapema ikiharibika nani anatengeneza, Dar, Nairobi au irudi Dubai, jibu la "haiharibiki" si jibu.

Ikija kwa boti omba maboksi ya asili yote mawili, la ndani na la nje, na isilazwe ubavu. Kilo 25 kwenye ngazi za Mji Mkongwe ni watu wawili na ukanda. Ikifika usiiwashe, iache usiku mzima iizoee hewa ya nyumba, chombo kilichotoka kwenye baridi kinatoa jasho ndani.

HATUA YA 8: KUIFUNGA

Funga waya zote kwanza plagi ikiwa nje, hakikisha nyekundu na nyeusi hazigusani hata uzi mmoja, sauti sifuri, ndo uwashe. Kuzima anza na amplifaya kabla ya vyombo vyengine. Masika mvua za radi zikianza, chomoa plagi, kuzima kwa kitufe hakutoshi, na waya wa antena au intaneti uchomoe pia. Kama unasafiri miezi usiiache imekaa kimya muda wote, aliyebaki nyumbani aiwashe nusu saa kila wiki ili ndani pakauke. Kila baada ya miezi mitatu chomoa na urudishe plagi za nyuma, kule kusuguana kunaondoa kutu inayoanza, na kaza tena skrubu za spika. Mita usiirudishe kwa fundi bado. Kama ulipima umeme Julai, pima tena Januari, kaskazi imeingia na kila nyumba imewasha kiyoyozi, maana ile namba uliyoiandika wakati wa baridi haitakuwa ile ile.